Danny Wuerffel, 1996: Kisa cha kwotabeki aliyepata Heisman na Draddy mwaka mmoja

Kati ya Novemba 30, 1996 na Januari 2, 1997, siku 33 tu, Danny Wuerffel wa Chuo Kikuu cha Florida alipoteza mechi kubwa kuliko zote za msimu, akatwaa ubingwa wa kanda, akapewa Tuzo ya Heisman na Tuzo ya Draddy, kisha akarudiana na timu ileile iliyomfunga na kuishinda kwa tofauti ya pointi 32. Heisman hutolewa kwa mchezaji bora wa mwaka katika futiboli ya Marekani ngazi ya vyuo. Draddy, ambayo tangu 2009 inaitwa Tuzo ya William V. Campbell, hutazama uwanja, darasa na uongozi kwa pamoja. Kabla ya Wuerffel hapakuwa na mchezaji aliyekuwa na zote mbili, na yeye alizipata katika mwaka uleule.

Kwa kawaida sifa za mwanamichezo msomi huandikwa kwa pupa: yadi kadhaa, alama nzuri darasani, pongezi, basi. Kisa hiki kinastahili kupimwa taratibu, kwa sababu kila aliyemtunuku Wuerffel alitumia kipimo chake, na kila kipimo kina upande kisichouona. Ukitumia kimoja peke yake utamwona nusu mtu.

Tuanze na kazi yenyewe. Anayeijua raga atashangazwa na jambo moja: katika mchezo huu pasi inaruhusiwa kwenda mbele, mara moja katika kila jaribio, mradi anayeirusha yuko nyuma ya mstari ambako jaribio lilianzia. Timu inapewa majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu inapewa mengine 4. Ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na teke linalofuata huongeza 1. Kwotabeki ndiye anayeushika mpira mwanzoni mwa karibu kila jaribio. Ana kama sekunde 3 za kusoma jinsi wapinzani walivyojipanga, kuchagua mpokeaji na kurusha, huku watu wenye uzito wa kilo 120 na zaidi wakimjia.

Mkono wa Wuerffel haukuwa wenye nguvu kuliko mingine, na namna yake ya kurusha haikufanana na ile inayofundishwa na makocha. Alichokuwa nacho ni wakati. Katika mfumo wa kocha Steve Spurrier, mpokeaji hubadilisha njia yake akiwa mbioni kulingana na anavyokabwa, na kwotabeki lazima asome jambo hilohilo kwa wakati huohuo. Mpira hutoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka. Wawili hao wakisoma tofauti, mpira unaangukia mikononi mwa adui, na lawama humwangukia aliyerusha. Spurrier hakuwa na subira na hilo. Alikuwa tayari kumtoa kwotabeki katikati ya mechi kwa kosa moja au mawili, na kati ya 1993 na 1994 Wuerffel na Terry Dean walipokezana nafasi hiyo mara kadhaa. Ni baada ya Florida kufungwa na Auburn 36 kwa 33 mwezi Oktoba 1994 ndipo nafasi ilipohamia kwa Wuerffel, naye hakuiachia.

Namba zake za vyuo, bila mechi za bowl, yaani mechi maalumu za mwaliko baada ya msimu wa kawaida, ambazo wakati huo hazikuhesabiwa katika takwimu rasmi, ni hizi: pasi 1,170 zilizorushwa, 708 zilizofika, yadi 10,875, tachidauni 114, na pasi 42 zilizonyakuliwa na wapinzani. Kipimo rasmi cha ufanisi wa kurusha katika vyuo hukokotolewa hivi: zidisha yadi kwa 8.4, ongeza tachidauni mara 330, ongeza pasi zilizofika mara 100, toa zilizonyakuliwa mara 200, kisha gawanya jumla kwa pasi zote zilizorushwa. Kwa Wuerffel hesabu inakwenda 91,350 jumlisha 37,620 jumlisha 70,800 toa 8,400, inabaki 191,370. Gawanya kwa 1,170 na jibu ni 163.56. Katika tachidauni za kurusha, ni Ty Detmer wa Brigham Young peke yake aliyekuwa mbele yake wakati huo katika ngazi ya juu ya vyuo, akiwa na 121.

Wengi hawajui kwamba msimu uliompa Heisman haukuwa msimu wake wenye ufanisi mkubwa zaidi. Mwaka 1995 alirusha pasi 325, zikafika 210, yadi 3,266, tachidauni 35, zilizonyakuliwa 10. Ufanisi: 178.4, rekodi ya msimu mmoja kwa wakati ule. Mwaka 1996 alirusha 360, zikafika 207, yadi 3,625, tachidauni 39, zilizonyakuliwa 13. Ufanisi: 170.6. Hata hivyo 1995 alishika nafasi ya tatu katika kura za Heisman, nyuma ya Eddie George wa Ohio State na Tommie Frazier wa Nebraska, na 1996 akawa wa kwanza.

Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema wapiga kura walimpa deni la mwaka uliopita. Tazama namba kwa makini zaidi. Yadi kwa kila pasi iliyorushwa: 10.05 mwaka 1995, 10.07 mwaka 1996. Tachidauni: karibu 10.8 katika kila pasi 100, miaka yote miwili. Kilichoshuka ni sehemu ya pasi zilizofika, kutoka asilimia 64.6 hadi 57.5, na kilichopanda ni urefu wa kila pasi iliyofika, kutoka yadi 15.6 hadi 17.5. Yaani 1996 alirusha mbali zaidi, akakosa mara nyingi zaidi, na mavuno kwa kila pasi yakabaki yaleyale. Hakurudi nyuma. Alikuwa akifanya kazi ngumu zaidi, na fomula, kwa kuwa inatoa zawadi ya 100 kwa kila pasi inayofika hata iwe fupi, ilimwadhibu kwa hilo. Kipimo chochote cha namba moja kina tabia hii, na anayeandaa sifa za mchezaji afungue namba ndani yake kabla ya kuitangaza.

Haki inataka pia watajwe waliokuwa upande wa pili wa pasi hizo. Reidel Anthony, Ike Hilliard na Jacquez Green wote walikuwa na kasi ya ajabu, na Anthony na Hilliard walichaguliwa mwaka 1997 katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya kulipwa. Kwotabeki mwenye wapokeaji watatu wa namna hiyo ana nafuu kubwa. Lakini wapokeaji hao nao walihitaji mtu wa kuwawekea mpira mahali ambapo wangeufikia bila kupunguza mbio, na hiyo ndiyo kazi aliyoiweza.

Sasa Novemba 30. Florida, namba 1 nchini, ilikwenda Tallahassee kucheza na Florida State, namba 2. Zote hazikuwa zimefungwa. Wenyeji walizuia teke la Florida mapema, wakaongoza 17 kwa 0, na mwisho ukawa 24 kwa 21. Warrick Dunn wa Florida State alikimbia yadi 185. Wuerffel alirusha tachidauni 3, lakini pasi zake 3 zilinyakuliwa, na aliangushwa mara 6 kabla ya kurusha, bila kuhesabu mara nyingi alizopigwa baada ya mpira kumtoka mkononi. Spurrier alilalamika hadharani kwa wiki kadhaa kwamba mapigo hayo yalichelewa makusudi.

Malalamiko hayo yaliwagawa watu, na bado yanawagawa. Kwa uchambuzi, sababu ya kiufundi ina uzito zaidi. Spurrier alipenda kwotabeki wake asimame mguso mmoja na mtoa mpira, yaani mchezaji wa safu ya mbele anayempa kwotabeki mpira kuanzisha jaribio, mikono chini yake, kisha arudi nyuma hatua 5 au 7 ndipo arushe. Hatua hizo hula muda, na katika zile za kwanza macho hayakai vizuri kwenye safu ya ulinzi. Upande wa pili walikuwepo Peter Boulware na Reinard Wilson, wakabaji wa pembeni ambao kazi yao ni kumvamia kwotabeki, waliochaguliwa wote wawili raundi ya kwanza ya NFL miezi michache baadaye. Ongeza kelele za uwanja wa ugenini: safu ya mbele haisikii amri ya kuanza, hivyo mkabaji anaondoka kwa kuona mpira ukisogea na mlinzi wa kwotabeki anachelewa kwa sehemu ya sekunde. Sehemu hiyo ya sekunde, mara pasi arobaini na zaidi, ndiyo iliyomwangusha Wuerffel.

Wiki moja baadaye, Desemba 7, alirusha yadi 401 na tachidauni 6 dhidi ya Alabama katika fainali ya SEC, kanda ya vyuo vya kusini-mashariki, mjini Atlanta. Florida ikashinda 45 kwa 30. Ulikuwa ubingwa wa nne wa SEC mfululizo, 1993 hadi 1996, miaka yote minne aliyocheza. Siku hiyohiyo Texas iliishangaza Nebraska, iliyokuwa mbele ya Florida katika orodha ya timu bora, 37 kwa 27, na njia ya Florida kwenda kurudiana na Florida State ikafunguka.

Kura za Heisman hupigwa na waandishi wa habari za michezo wa mikoa yote ya Marekani pamoja na washindi wa zamani. Kila mpiga kura anaandika majina matatu: la kwanza pointi 3, la pili 2, la tatu 1. Wuerffel alipata pointi 1,363. Troy Davis wa Iowa State, aliyekuwa amekimbia zaidi ya yadi 2,000 kwa msimu wa pili mfululizo, alipata 1,174. Jake Plummer wa Arizona State alifuata. Pengo lile si kubwa, na tunaona lilikuwa la haki: Davis alibeba timu dhaifu peke yake, kazi ya kuheshimika sana, wakati Wuerffel aliongoza timu iliyokuwa ikigombea ubingwa wa nchi. Wapiga kura wa Heisman siku zote wamevutwa na timu inayoshinda, na huo ndio upande ambao tuzo hiyo haiuoni: mchezaji mkubwa katika timu ndogo huanza nyuma. Kuna jambo la pekee pia. Spurrier mwenyewe alipata Heisman mwaka 1966 akiwa kwotabeki wa Florida hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza mshindi wa Heisman alikuwa amemfundisha mshindi wa Heisman.

Draddy haiendi hivyo. Hutolewa na National Football Foundation, ilianza 1990, na mshindi wa kwanza alikuwa Chris Howard wa Air Force. Masharti yake: mchezaji awe katika mwaka wake wa mwisho wa kucheza, awe na wastani wa alama usiopungua 3.2 katika kipimo cha 4, awe wa kikosi cha kwanza au mwenye mchango mkubwa, na awe ameonyesha uongozi na uraia mwema. Kila chuo, kikubwa kwa kidogo, kinaruhusiwa kupendekeza jina moja tu. Hapo ndipo maombi mengi huharibika mapema: chuo chenye wachezaji watatu wanaofaa lazima kichague, na mara nyingi huchagua jina maarufu badala ya faili lenye nguvu. Wanaofika fainali wote hupewa msaada wa masomo ya baada ya shahada ya kwanza, siku hizi dola 18,000, na mshindi huongezewa hadi 25,000. Kwa hiyo mtu haondoki na sanamu ya shaba tu.

Kwa nini alama nzuri ni ngumu kwa kwotabeki kuliko wengi wanavyodhani? Sheria ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ya tangu 1991 inaweka kikomo cha saa 20 kwa wiki za mazoezi na shughuli za lazima, na mchezaji lazima awe mwanafunzi wa muda wote, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula au zaidi. Kutazama video za wapinzani kwa hiari hakuingii kwenye saa 20, na kwotabeki asiyezitazama hatadumu chini ya kocha kama Spurrier. Mazoezi huwa alasiri, kwa hiyo kozi zenye maabara za alasiri zinamponyoka. Mechi za ugenini hula Ijumaa. Mtego mkubwa ni ule wa kuchukua kozi rahisi zinazomweka mtu uwanjani lakini hazijengi shahada. Ukifika mwaka wa nne unakuta krediti nyingi na hakuna fani. Kinga yake ni kuchagua fani mapema na kupanga kozi ngumu muhula wa Januari hadi Mei, ambao hauna mechi.

Wuerffel alikuwa na nafuu ya kalenda. Mchezaji wa vyuo alikuwa na miaka 5 ya kucheza misimu 4, naye alikaa nje mwaka 1992 bila kucheza, akihudhuria masomo na mazoezi. Alisoma uhusiano wa umma. Alitoka sekondari ya Fort Walton Beach, Florida, akiwa wa kwanza darasani mwake, hivyo mazoea ya kusoma hakuyaanzia chuoni. Mwaka 1995 na 1996 alichaguliwa katika kikosi cha wanamichezo wasomi wa Marekani, kikosi kinachopigiwa kura na maofisa wa habari za michezo wa vyuo. Kwotabeki anayerusha pasi zaidi ya 300 kwa msimu katika kanda ngumu kama SEC, na papo hapo akaingia kikosi hicho mara mbili, ni nadra kwelikweli.

Kuna heshima moja aliyoikataa, nayo inaeleza mengi kuliko baadhi ya alizozipokea. Kabla ya msimu wa 1996 jarida la Playboy lilimteua katika kikosi chake cha wachezaji bora na kumpa tuzo ya mwanamichezo msomi wa mwaka. Wuerffel, Mkristo asiyeficha imani yake na mtoto wa mchungaji wa Jeshi la Anga, alikataa yote mawili kwa sababu hakutaka jina lake liambatane na jarida hilo. Tuzo huwa na mwenyewe, na mwenyewe ana jina na biashara yake. Anayepewa ana haki ya kuuliza ni nani anayemtunuku, na Wuerffel aliuliza akiwa na umri wa miaka 22, mbele ya nchi nzima, bila kuwatukana waliokubali.

Turudi uwanjani. Januari 1, 1997, Ohio State iliifunga Arizona State 20 kwa 17 katika Rose Bowl kwa pasi ya sekunde za mwisho. Arizona State ilikuwa namba 2. Ghafla mechi ya Sugar Bowl ya kesho yake, Florida State namba 1 dhidi ya Florida namba 3, ikawa mechi ya ubingwa wa nchi.

Spurrier alibadilisha jambo moja ambalo hakulipenda: alimweka Wuerffel katika shotigani, yaani kusimama kama yadi 5 nyuma ya mtoa mpira na kurushiwa. Faida yake ni kwamba kwotabeki anaona ulinzi wote tangu mwanzo, hana hatua nyingi za kurudi nyuma, na Boulware na Wilson wana safari ndefu zaidi ya kumfikia. Hasara zipo. Mpira unaorushwa unaweza kupotea, macho lazima yaufuate kwanza, na mbinu ya kujifanya unampa mkimbiaji mpira inapungua nguvu. Spurrier alikubali hasara hizo. Mechi pia ilikuwa Superdome, New Orleans, ambako mashabiki wa Florida State hawakuwa wenyeji.

Wuerffel alipata yadi 306, pasi 18 kati ya 34, tachidauni 3, zote kwa Ike Hilliard, na moja aliikimbilia mwenyewe yadi 16. Mapumzikoni ilikuwa 24 kwa 17. Florida State ikasogea hadi 24 kwa 20 katika robo ya tatu, kisha Florida ikafunga pointi 28 bila jibu. 52 kwa 20, ubingwa wa kwanza wa nchi katika historia ya chuo. Sehemu ya sifa ni ya ulinzi ulioongozwa na Bob Stoops, aliyeletwa mwaka huo baada ya Florida kufungwa na Nebraska 62 kwa 24 katika Fiesta Bowl ya Januari 1996. Dunn, aliyekimbia yadi 185 Tallahassee, safari hii hakufua dafu, ingawa pia alikuwa mgonjwa. Zingatia kwamba Heisman na Draddy zote zilikuwa zimekwisha kutolewa. Kura hazikuiona mechi hii kabisa.

Katika NFL hakung'ara. New Orleans Saints walimchagua raundi ya nne mwaka 1997, akapitia timu kadhaa, na mkono usio na nguvu nyingi ukaonekana zaidi mbele ya walinzi wenye kasi ya kulipwa. Wapo wanaoitumia hiyo kupunguza thamani ya 1996, na hoja yao haisimami: tuzo za vyuo hupima kazi iliyofanyika chuoni, hazikuwahi kuwa utabiri. Baada ya kustaafu aliingia kazi ya Desire Street Ministries katika mtaa maskini wa New Orleans, ambao kimbunga Katrina kiliufurikisha mwaka 2005.

Chuo kiliweka jina lake katika orodha ya heshima uwanjani mwaka 2006, pamoja na Spurrier, Emmitt Smith na Jack Youngblood, na tangu 2011 sanamu za Spurrier, Wuerffel na Tim Tebow, washindi watatu wa Heisman, zimesimama nje ya uwanja huo Gainesville. Mwaka 2013 aliingia katika jumba la heshima la futiboli ya vyuo. Na tangu 2005 ipo Tuzo ya Wuerffel, iliyoanzishwa Fort Walton Beach, inayotolewa kwa mchezaji wa chuo anayeunganisha huduma kwa jamii na mafanikio ya darasani na uwanjani. Wa kwanza kuipata alikuwa Rudy Niswanger wa Louisiana State, mtoa mpira wa safu ya mbele, ambaye mwaka uleule alipata pia Draddy.